Mzee anahitaji kungojwa

Bagamoyo, Jumapili usiku

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo, kaskazi inavuma na joto ndilo hilo unalolijua. Mama mfikishie shikamoo yangu, na baba yako Mzee pia, hata kama siku hizi anaiitikia kwa shingo upande.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kalamu ikiwa mkononi. Umeandika mengi, ugomvi wa nyumbani, Mzee kuingilia jiko la Mama, na Coaster anayotaka kuinunua kwa kiinua mgongo, lakini lililonishika ni lile dogo ulilolitaja kwa kupita: kwamba mwaka mzima tangu astaafu bandarini, Mzee bado anaamka saa 11 alfajiri, anapiga pasi suruali, anaivaa, kisha anakaa nayo barazani mpaka jua limfikie. Kaka zako wanasema ni uzee. Mjomba anasema kazoea kuamrisha watu. Mimi naona mtu aliyejiandaa kila siku kwenda mahali, na hakuna mahali panapomngoja. Hilo si uzee wala tabia mbaya, na lina dawa.

Kazi watu huiona kwa mshahara tu. Mwaka 1931 watafiti waliingia Marienthal, kijiji cha Austria karibu na Vienna, ambako kiwanda cha nguo kilichokuwa kikilisha kijiji kizima kilikuwa kimefungwa. Hawakwenda kutazama tu. Waligawa nguo, wakaleta matibabu, wakafundisha kushona, huku wanaandika. Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel wakachapisha walichokiona mwaka 1933. Ungedhani wanaume wale, wenye siku nzima mikononi, wangesoma, wangekarabati nyumba. Maktaba ya kijiji ilifuta hata ada ya kuazima, lakini vitabu vilivyoazimwa vilipungua karibu nusu kati ya 1929 na 1931. Watafiti walipima mwendo wa watu barabarani: wanaume walitembea polepole kuliko wanawake, na walisimamasimama zaidi. Wengi waliacha hata kuvaa saa. Walipoombwa waandike siku yao saa kwa saa, walikumbuka kuamka, kula mchana na kulala. Hapo katikati hapakuwa na kitu. Wanawake walikuwa maskini vilevile, lakini mwendo wao haukulegea, kwa kuwa nyumba iliendelea kuwangoja.

Miaka mingi baadaye Jahoda akapanga mambo matano ambayo kazi humpa mtu mbali na pesa: huigawa siku, humkutanisha na watu wasio wa nyumbani kwake, humtia katika jambo kubwa kuliko yeye peke yake, humpa jina, na humlazimisha kujishughulisha. Mtazame Mzee sasa. Alikuwa akihesabu mizigo inayoshushwa kutoka kwenye matishari, zama zile meli zikitia nanga mbali na gati. Zamu ilimgawia siku. Makuli, madereva na mawakala wa forodha walikuwa watu wake. Karatasi yake ikikosewa, mzigo hautoki. Mtaani aliitwa Mzee wa Bandari. Siku moja, baada ya keki na hotuba, vyote vitano vikaondoka pamoja, na pensheni haikurudisha hata kimoja. Sasa anaitwa mstaafu, neno linalotaja kile asichokifanya tena.

Nakuomba utazame na swala tano, kwa sababu hapo ana mtaji ambao wanaume wa Marienthal hawakuwa nao katika ile karatasi yao ya saa. Siku ya Mzee ina nguzo tano tayari. Kilichobomoka ni kuta za katikati. Nakisia kuna mapengo mawili makubwa, saa 3 asubuhi hadi adhuhuri, na baina ya alasiri na magharibi, na nakisia ugomvi mwingi unaangukia humo. Usinikubalie bila kuhakikisha. Chukua daftari la shule, siku saba, uandike kila baada ya saa mbili: yuko wapi, yuko na nani, anafanya nini, na uso wake ukoje kwa alama 0 mpaka 10. Ugomvi ukitokea, andika saa yake na neno lililouwasha. Hilo ni lako, usimwonyeshe wala usilitumie kumshinda kwa hoja. Bila daftari mtakumbuka siku mbaya tu, na mtatibu ugonjwa msioujua.

Sasa jambo la chumvi, maana hapa ndipo nyumba nyingi huharibika. Mzee anapoingia jikoni kuhesabu viazi na kuuliza mafuta yameishaje, anafanya kazi yake ya bandarini palipobaki mzigo wa kuhesabu. Lakini jiko lina mwenyewe. Mama ameliendesha miaka yote hiyo bila mkaguzi, na sasa kapata mkaguzi asiyelala. Ukimtetea Mzee utamuumiza Mama. Ukimtetea Mama, Mzee atajiona kafukuzwa hata nyumbani kwake. Kwa hiyo usitafute suluhu ndani ya jiko. Usimpe Mzee kazi yoyote iliyo katika himaya ya Mama, hata ndogo, hata kwa nia njema.

Kitu kimoja tu mrudishie: kitoweo. Umesema siku hizi unamtuma kijana wa bodaboda alete samaki ili Mzee apumzike. Acha. Baba kwenda sokoni na kikapu ni heshima yake tangu zamani, na nyie kwa huruma mmemvua. Aende mwenyewe soko la samaki la Deep Sea asubuhi, kwa baiskeli yake kama goti linaruhusu, siku tatu za wiki zinazojulikana. Akirudi na changu waliopunguzwa bei, vizuri. Akirudi na vibua kwa bei ya juu, mshukuruni, mpike. Kwa mwezi mzima mtu asitaje bei. Kila neno la "baba, wamekupiga" linamrudisha barazani.

Tena, neno hilo "pumzika". Najua linatoka moyoni. Ila mtu aliyechoka ndiye wa kupumzishwa, na Mzee hajachoka, amekosa cha kumchosha. Mwaka 1976 Ellen Langer na Judith Rodin walifanya jaribio katika nyumba ya wazee huko Connecticut, Marekani. Ghorofa moja waliambiwa mambo yao yako mikononi mwao, kila mmoja akachagua mmea wa kuutunza mwenyewe. Ghorofa nyingine waliambiwa wauguzi watawashughulikia, wakapewa mimea ambayo wauguzi ndio walioimwagilia. Baada ya wiki tatu, wale wa kwanza walikuwa wachangamfu na wenye shughuli zaidi. Utasikia watu wakiongeza kwamba waliishi pia muda mrefu zaidi. Sehemu hiyo usiitegemee, hesabu yake ilikosewa na watafiti wenyewe wakasahihisha. Hiyo ya uchangamfu inatosha kukufanya uondoe mkono wako kwenye vitu ambavyo Mzee anaviweza.

Lakini kitoweo hakitoshi. Anahitaji jambo la nje ya nyumba. Lipime kwa maswali matatu: kuna mtu atakayekwama asipofika? Kuna siku na saa maalumu? Mwisho wa kazi kuna kitu cha kuonekana kwa macho? Baraza, kahawa na bao vina thamani yao, vinampa watu, na usije ukamzuia. Ila asipotokea barazani leo, kete zitachezwa na mwingine. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa na wenzake saa tano na akarudi nyumbani na hasira zilezile.

Kwa ustadi wake, naona kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama mtaani kwenu. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, hilo liko sawa. Panapovuja ni daftari. Hisa zilizonunuliwa, mikopo, marejesho, faini na mfuko wa jamii vinaandikwa na mtu mmoja kwa haraka, na siku ya kugawana jumla hazilingani na fedha zilizomo. Mzee maisha yake yote amelinganisha karatasi na mzigo. Asishike pesa wala ufunguo; alinganishe tu vitabu, na mara moja kila mwezi asome jumla mbele ya wanakikundi na kusaini. Kama kikoba hakifai, basi hesabu kwa watoto wa darasa la sita na la saba, baada ya alasiri, watoto wanne, wasizidi sita.

Nani amwombe? Si wewe. Binti akimtafutia baba kazi, baba anasikia huruma. Aje mwenyekiti wa kikundi mwenyewe, na aje na shida ya kweli: daftari lenye jumla isiyolingana, aliweke mezani, aseme, "Mzee, tumekwama hapa." Wazee wananusa shughuli ya kubuni kama unavyonusa samaki aliyelala. Ikiwa kikundi hakina shida, tafuteni kwingine.

Mwanzo uwe mdogo kuliko unavyotamani. Wiki mbili za kwanza jambo moja, mara mbili kwa wiki, dakika 40. Kosa ninaloliona kila mara ni familia kufurahi na kumpa mtu kikoba, madrasa, kamati ya maji na harusi ya mpwa katika wiki moja. Anachemka, anashindwa moja, anaacha zote, na anabaki na ushahidi mpya kwamba hafai. Kisha lifunge kwenye nguzo iliyopo. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia Mjerumani, ameonyesha kuwa mtu akitaja lini na wapi atatenda hutekeleza zaidi kuliko aliyenuia tu. Kwa hiyo isiwe "nitawapitia siku moja", iwe "nikitoka msikitini alasiri ya Jumanne, napitia kwa mwenyekiti kabla ya kurudi nyumbani." Akishavua suruali, hatoki tena. Tarajia wiki ya tatu ilegee, upya utakuwa umeisha. Usimsukume, mwenyekiti ndiye apige simu kuuliza daftari. Ramadhani ikiingia ratiba yote itapinduka, kwa hiyo mpange mapema saa mpya, la sivyo mwezi ule utazifuta wiki zote za nyuma.

Huenda kaka zako watasema kazi isiyo na malipo haimsaidii mtu. Viktor Frankl, daktari wa Vienna, miaka ileile ya Marienthal alikuwa akiwasaidia vijana wasio na ajira. Aliona wanajipigia hesabu mbovu: sina kazi, kwa hiyo sina faida, kwa hiyo maisha yangu hayana maana. Akawapeleka kujitolea katika maktaba, vyama vya vijana na elimu ya watu wazima. Pesa hazikuja, njaa ilibaki palepale, lakini huzuni iliwatoka.

Hapo ndipo ninapoifikia Coaster, hilo basi dogo la abiria analolitaka Mzee. Kiasi kilichobaki cha kiinua mgongo kiwekeni mbali miezi sita, na msianze kwa kumwambia biashara ya magari ni mbaya. Kaa naye muulize gari likiwepo siku yake itakuwaje: ataamka saa ngapi, atakuwa wapi saa 4, nani atampigia simu. Sikiliza sana. Akizungumzia matairi, bima, leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, hesabu ya siku na siku gari likilala gereji, basi ana biashara kichwani na mnaweza kukaa kuipigia hesabu. Akizungumzia kusimama stendi, dereva kumletea taarifa na watu kumwita bosi, basi anataka kununua jina, na jina hilo kwa bei ya Coaster ni ghali mno. Mkono mtupu haulambwi, hiyo ndiyo hofu yake, na mtu mwenye hofu hiyo hukubali dalali yeyote. Miezi sita ya kungojwa kila Jumanne inaweza kuipunguza hofu hiyo, kisha aamue yeye. Fedha ni zake.

Kabla ya yote haya, mpeleke hospitali ya Bombo apimwe. Sukari, shinikizo la damu, macho, na hasa masikio: mzee asiyesikia vizuri hukasirika barazani kwa sababu anadhani anasengenywa, na watu humwona mkali tu. Na tofautisha kero na sonona. Ikiwa kwa wiki mbili mfululizo, karibu kila siku, hafurahii hata alichokipenda, halali au analala kupita kiasi, hali chakula, anakonda, anajilaumu, au anasema mngepumzika asingekuwepo, hapo daftari langu halitoshi, anahitaji daktari haraka. Neno la mwisho hilo ukilisikia, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Humpa nafasi ya kusema. Wala usimwache peke yake siku hiyo.

Anza na daftari kesho baada ya alfajiri. Siku saba zikitimia, piga picha kurasa unitumie kwenye simu, nami nitaanza kusoma safu ya saa 3 hadi adhuhuri. Na ukiweza niandikie mwenyekiti wa kikoba ni nani kwa Mzee, kama ni mtu anayemheshimu au mtoto wa jirani aliyemlea, maana hapo namna ya kumwomba itabadilika.

Watoto wote nawabusu.

Ni mimi shoga yako