Barua ya wazi kwa vijana wetu wa Texas: yule si mtani wenu

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mnaoendesha malori, mnaopiga zamu za usiku maghalani na mnaosoma vyuoni hapa Texas. Kila nikipewa lifti, spika ya gari inanisalimia kabla ya dereva, na anayeongea ni mchekeshaji: Joe Rogan, Theo Von, Andrew Schulz. Nikiuliza, najibiwa, "Mzee, hii si siasa, tunacheka tu." Naomba tukae hapo kidogo. Sitawaambia kura mumpe nani. Wengi wenu uraia bado, na wenye nao ni watu wazima.

Zamani ilisemwa hapa kwamba wahafidhina hawajui kuchekesha. Fox News, televisheni ya wahafidhina, walijaribu mwaka 2007 na kipindi chao The Half Hour News Hour, kikafa mwaka huohuo, watu wakasema si mnaona. Walimsahau Rush Limbaugh. Huyo alivuma redioni nchi nzima tangu 1988, akiwakejeli wapinzani kwa nyimbo na sauti za kuigiza, na Warepublican walipolitwaa Bunge mwaka 1994, wabunge wao wapya walimfanya mwenzao wa heshima. Mwaka 2021 Greg Gutfeld naye akapewa kipindi cha usiku hapohapo Fox, kikasimama mpaka leo. Wale wa upande wa pili, waliberali, walisaidia pia, tusiwafichie. Wachekeshaji wao wa usiku waligeuka wahubiri, na kijana aliyetoka kazini kachoka hataki mahubiri saa tano usiku.

Lakini kilicholeta mageuzi ni podikasti, yale mazungumzo ya mtandaoni, kwa sababu ya urefu wake. Agosti 2024 Donald Trump alikaa na Theo Von. Von akasimulia uraibu wake wa zamani, Trump akamweleza habari za kaka yake Fred aliyeharibiwa na pombe, kisha akaanza kumuuliza maswali kuhusu kokeini kama mjomba anayetaka kujua mambo ya vijana. Von akamwambia kokeini itakugeuza bundi. Nilicheka, sikatai. Ila angalieni kilichofanyika pale: mtu aliyekuwa akigombea urais wa Marekani kwa mara ya tatu alitoka akiwa jamaa wa kawaida, na suala la ushuru au la wahamiaji halikumtoa jasho. Oktoba akaenda kwa Rogan, Austin, karibu saa tatu nzima. Mkesha wa uchaguzi Rogan akatangaza kumuunga mkono. Usiku wa ushindi, Dana White, bosi wa mapigano ya UFC, alipewa kipaza sauti jukwaani Florida, akawashukuru kwa majina Theo Von, Rogan na wenzao. Mshindi anajua deni lake liko wapi, hata kama msikilizaji anadhani alikuwa anacheka tu.

Sasa turudi nyuma siku chache, Oktoba 27, ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Mchekeshaji Tony Hinchcliffe alipanda kwenye mkutano wa kampeni ya Trump akaiita Puerto Rico kisiwa cha takataka kinachoelea baharini. Akatupia na mzaha wa matikitimaji juu ya mtu mweusi, kejeli ya kale ya kuwadharau weusi hapa Marekani, na huo unatuhusu sisi moja kwa moja. Kelele zilipopanda, kampeni ikasema mzaha ule si msimamo wa mgombea, na wengine wakatuambia tujifunze kutaniwa.

Kutaniwa? Mimi ni Mzaramo, watani wangu Wanyamwezi. Msiba ukinifika, mtani anaingia, anamwigiza marehemu, anautaja ubahili wake mbele ya wajane, na hakuna wa kumkunjia uso. Lakini huyohuyo anashika kazi za mazishi, na siku ya msiba wake nami naenda kumlipiza. Kapewa ruhusa kwa sababu ana wajibu, na yule anayetaniwa yupo, ana mdomo wa kujibu. Wapuertoriko nani aliwapa kipaza sauti jioni ile? Na wanaoishi kisiwani, ingawa ni raia wa Marekani, hata kura ya rais hawapigi.

Wachambuzi walidhani mzaha ule ungemkosesha Trump Pennsylvania, jimbo lenye Wapuertoriko laki kadhaa. Akaichukua. Kwa hiyo msiuogope sana mzaha mmoja, hata ukiwa mchafu, unapita. Ogopeni mazoea. Mtu aliyekuliwaza njiani mwaka mzima, kutoka Houston mpaka El Paso, akisema "huyu namwamini", humkagui tena kama unavyomkagua mwanasiasa. Na ukimbana, anakujibu kwamba yeye mchekeshaji tu.

Wao wenyewe wameanza kuyaona. Julai 2025 Schulz, aliyempigia Trump kura, alilalamika hadharani kwamba mambo yanayofanywa siyo aliyoyapigia kura. Septemba, Wizara ya Usalama wa Ndani ikachukua kipande cha video ya Theo Von na kukitia kwenye video ya kushangilia watu wanaofukuzwa nchini. Von akalalamika kwamba hakuombwa ruhusa, na video ikaondolewa. Nilimhurumia, kidogo. Wanaopandishwa ndege hawana wa kumlalamikia.

Nisiwaonee lakini. Jimmy Kimmel, mmoja wa wale wachekeshaji wa usiku, aliposimamishwa na televisheni ya ABC Septemba hiyohiyo, baada ya mkuu wa FCC, mamlaka ya serikali ya utangazaji, kutoa vitisho, Rogan alisema serikali isiingilie maneno ya mchekeshaji. Hapo alinena.

Endeleeni kucheka, safari ni ndefu na usingizi ni adui wa dereva. Ila baada ya saa tatu za mgombea, tafuteni dakika kumi mkasome alivyopiga kura au alivyosaini, hasa kwenye vibali vyetu vya kazi na jamaa tunaowasubiri. Na ninyi mlioanzisha podikasti ya Kiswahili hapa mjini, nasikia wagombea wa udiwani wameanza kuwapigia simu. Waiteni. Wapikieni pilau, wachekeni lafudhi zao, nao wacheke zenu. Kisha muulizeni kila mmoja habari ya kodi za nyumba na polisi wanaosimamisha malori yenu, na jibu lake mlirushe zima bila kulikata.

Mzee wenu,
Houston