Tusiwahukumu wapigaji kwa mechi za Aprili

Mhariri,

Mashabiki wenzangu wa kriketi ya Leicestershire wameanza tena: kijana akitolewa mara mbili kabla ya kufikisha mikimbio 10, tayari wanataka aachwe nje ya kikosi. Nawasihi wavute subira. Aprili hapa Uingereza uwanja una unyevunyevu, baridi inakata vidole, na mpira mpya hupinda hewani kisha ukachepuka ukigusa nyasi. Hata mpigaji hodari hutolewa mapema. Apimwe Juni, ardhi ikishakauka.

Warushaji ni habari nyingine. Mechi ni ya siku nne, na aliyechoka apumzishwe bila kuonewa haya.

Timu hii ilimaliza misimu ya 2013 na 2014 bila kushinda hata mechi moja ya Ubingwa wa Kaunti, ligi ya kriketi ya kaunti za Uingereza na Wales. Tuliokuwa tukiketi Grace Road, uwanja wa nyumbani wa timu, miaka ile tunaukumbuka uchungu wake. Mwaka 2025 ilitwaa ubingwa wa daraja la pili na kupanda, mara ya kwanza tangu iliposhuka 2003. Wapigaji wa kufungua, yaani wale wawili wanaoanza kupiga, wapewe angalau mechi sita kati ya 14 za msimu, ndipo tuwajadili.

Shabiki wa miaka mingi,
Leicester