Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wanafunzi: kabla ya kunihesabia chupa, niulize nalala saa ngapi

Kwako Mkuu wa Wanafunzi,

Salamu kwanza. Ile barua ya Kingereza, kuhusu pombe na sisi tuliotoka vitani, nilikutumia kwa imeli wiki mbili zilizopita na sekretari wako akanijibu vizuri tu kwamba imefika. Hii naiandika kwa Kiswahili na kuiweka hadharani manake kuna mambo kwa Kingereza yaligoma kutoka, halafu pia hapa kusini mwa Seattle, kuanzia Tukwila na Kent mpaka Tacoma, wanaoongea hii lugha tuko wengi, Wakenya, Wakongo, Warundi, watoto wetu wako kwa madarasa yako na wengine wetu tulipitia jeshini kabla ya kuona darasa. Ukitaka wa kukutafsiria shuka kafeteria saa sita, hutakosa.

Mimi nilikuwa dereva wa malori. Nilitoka Kisii nikaja huku, nikaingia jeshi la Marekani, nikaendesha lori Kandahar, Afghanistan, nikatoka, na sasa nasoma kwa pesa za GI Bill, zile serikali inawalipia karo waliotoka jeshini, ile mpya iliyoanza kulipa Agosti 2009. Niko mwaka wa pili, nina miaka 36, na wale wa kundi langu la maabara ya kemia wana 19. Wananiita anko, sijakataa.

Muhula uliopita niliingia darasani asubuhi nikinuka pombe. Sijitetei. Sikuwa nimekunywa asubuhi, ilikuwa ya usiku ambayo haikuwa imeisha, na mwalimu aliripoti vile anatakiwa kuripoti, hatuna neno mimi na yeye. Neno langu ni kile kilifuata. Nilipewa kozi ya kwenye kompyuta, vikatuni vya vijana kwa pati wanarushiana vimpira kwenye glasi za bia, na somo zima kuhusu vitambulisho feki vya kununulia pombe, mimi mwenye mtoto darasa la tano. Nikamaliza nikapata cheti. Halafu kaunsela akanipokea, akaniuliza nakunywa ngapi kwa wiki, nikasema ukweli, akaniambia niache kwanza siku 90 ndio tuzungumze mambo ya vita, na hata hayo mambo ya vita si yake, niende ofisi ya maveterani hapa chuoni, yaani ya wanajeshi wa zamani. Nikaenda. Pale kuna watu wazuri sana lakini kazi yao ni makaratasi ya karo, wakanirudisha kwa kaunsela. Ofisi ya pombe inanisukuma kwa ofisi ya vita, ofisi ya vita inanirudisha kwa ofisi ya pombe, na mwili ni huu huu mmoja.

Kinachoniuma ni kwamba hili swali la mtu na pombe yake lilifanyiwa kazi hapa hapa karibu, unaenda tu juu na barabara kuu ya I-5. Chuo Kikuu cha Washington kulikuwa na mwanasaikolojia anaitwa Alan Marlatt, alifariki 2011. Mwaka 1973 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa ajabu: watu wanapewa kinywaji, wengine wanaambiwa ina vodka na haina, wengine wanaambiwa ni soda ya toniki tupu kumbe vodka imo. Waliokunywa nyingi ni wale walioamini kuna pombe, iwe ilikuwemo au haikuwemo, na hata walevi wa kupindukia walikuwa hivyo hivyo. Baadaye akatengeneza baa kabisa ndani ya chuo, kaunta, taa hafifu, viti virefu, wanafunzi wanakunywa huku wanasayansi wanaandika. Nilivyosoma hiyo nilicheka peke yangu, manake nimeshaona vijana wa kambi wakilewa kwa kopo la kwanza kabla halijafika nusu, wanalewa kwa sababu ni Ijumaa.

Kutokana na kazi kama hizo Marlatt na wenzake, Linda Dimeff, John Baer na Daniel Kivlahan, wakatengeneza kitu kinaitwa BASICS, kitabu chake kilitoka 1999. Hakuna mahubiri. Unakaa na mtu mara mbili, kila mara kama saa moja hivi: ya kwanza anakuuliza, ya pili anakuletea majibu yako mwenyewe kwa karatasi, unakunywa kiasi hiki, wenzako wanakunywa kiasi hiki, wewe ulidhani wanakunywa kiasi kile. Hakuna mtu anakwambia acha, anakuuliza unataka nini. Walijaribu kwa wanafunzi wapya 348 waliokuwa kwa hatari ya kuumizwa na pombe, wakawafuata miaka, na madhara ya pombe kwa waliokaa kwa hayo mazungumzo yalipungua zaidi kuliko kwa wale hawakukaa.

Sasa sikiza hapa. Huyo Kivlahan alikuwa pia mwanasaikolojia wa hospitali ya maveterani hapo Seattle, na mwaka 1998 yeye na wenzake walionyesha kwamba maswali matatu tu yanatosha kumtambua mveterani anayeumizwa na pombe: unakunywa mara ngapi, siku ya kunywa unakunywa ngapi, na ni mara ngapi unafikisha sita au zaidi. Unajumlisha, mwisho ni 12, mwanaume akifika nne na mwanamke tatu inabidi mtu akae naye aongee. Na hayo matatu yametolewa kwa maswali kumi ya Shirika la Afya Duniani, AUDIT, yaliyotengenezwa kwa kuhoji wagonjwa wa nchi sita, na moja ya hizo ni Kenya. Kwa hiyo hayo maswali unayoyaona ni ya Kimarekani yalipita kwetu kwanza, usishangae nikiyadai kama yangu.

Kidogo tu nitoke nje ya mada: hesabu ya "kinywaji kimoja" inatupoteza sote. Huku kimoja ni gramu 14 za pombe yenyewe. Tusker ya nusu lita imeshapita hapo, na hizi bia zenu za IPA za kopo refu, asilimia 7, kopo moja ni karibu viwili. Nilipomwambia kaunsela nne nilimaanisha makopo. Yeye akaandika nne.

Lakini shida yangu na hata hiyo BASICS ni ile karatasi ya kulinganisha. Mnilinganishe na nani? Kijana wa 19 anakunywa kuonekana kwa wenzake, akijua wenzake hawanywi vile alidhani anaweza kupunguza. Mimi nakunywa jikoni saa nane usiku taa imezimwa, hakuna wa kuniona isipokuwa mke wangu, naye anajifanya amelala. Nakunywa kwa sababu nikifumba macho kuna gunia la takataka kando ya barabara, aina walimokuwa wanafichia mabomu, na lori langu linalikaribia. Pombe inanilaza haraka, hiyo ni kweli, halafu nusu ya pili ya usiku ndoto zinarudi na riba, nayo pia wanasayansi wa usingizi wameishaieleza. Kwa hiyo ukiniambia niache siku 90 bila kugusa lile gunia, unaniambia nikae siku 90 macho.

Na hakuna utaalamu wa leo unaotaka nisubiri. VA yenyewe, ile idara ya serikali ya maveterani, inasema zaidi ya wawili kati ya kila maveterani kumi wenye PTSD, yaani ugonjwa wa kiwewe, wana shida ya pombe au dawa za kulevya pia, na mwongozo wao ni kwamba mtu asinyimwe tiba ya kiwewe ati kwa sababu bado anakunywa. Hivyo viwili vinatibiwa pamoja. Mimi sasa natibiwa hivyo, lakini nilipata njia kwa rafiki wa kikosi, si kwa chuo, na kuna wenzangu wawili hapa ambao hawana huyo rafiki.

Ninachoomba si jengo. Yale maswali matatu yawekwe kwa fomu ya ofisi ya maveterani, ile tunayojaza kila muhula kwa ajili ya karo, na chini yake liongezwe la nne: unalala vipi? Anayesoma majibu awe mtu anayeweza kukaa na sisi mara mbili bila kutupima na watoto, na awe na namba ya mtu wa VA anayepokea simu. Na Kiswahili kiwepo kwa hiyo fomu, Mkongo wa Kent akiulizwa kwa Kingereza atajibu "kidogo" kwa kila kitu mpaka mwisho. Hiyo tafsiri nitafanya mimi, bure.

Jumatano huwa niko ofisi ya maveterani kuanzia saa nne asubuhi, meza ya karibu na mashine ya kahawa. Njoo na ile fomu, kalamu ninayo.

Wako,
Dereva wa zamani, mwanafunzi wa mwaka wa pili