Nancy Holt si mke wa msanii tu

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu wasanii wanaotumia mwanga na ardhi badala ya rangi na turubai. Mmemweleza James Turrell na kreta yake ya Arizona, yaani shimo la volkano analoligeuza kuwa kazi ya sanaa, mkamweleza Robert Smithson kwa kirefu. Nancy Holt ametajwa mara moja tu, kama mke wa Smithson. Hilo limeniuma.

Smithson alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1973. Mwaka uliofuata Holt alinunua ardhi katika jangwa la Utah, akatafuta wapima ardhi, wahandisi, mtaalamu wa nyota na watu wa kreni, na kufikia 1976 kazi yake, Sun Tunnels, ilikuwa imesimama. Ni mabomba manne ya zege, kila moja lina urefu wa mita 5 na nusu na uzito wa tani zipatazo 20. Pichani utadhani ni makalavati yanayosubiri barabara.

Lakini nendeni mkayaone. Tulifika Juni iliyopita, mchana, joto kali, hakuna mti. Ndani ya bomba mna kivuli, na juu yametobolewa matundu kwa kufuata mpangilio wa kundi moja la nyota, kila bomba na kundi lake. Nyota inayong'aa zaidi imepewa tundu kubwa zaidi. Jua likipenya, madoa ya mwanga hutua miguuni pako na kusogea polepole. Binti yangu alivua viatu akawa anayakanyaga moja moja. Bibi yangu, aliyekuwa akitazama Kilimia kabla ya kupanda, asingehitaji kuelezwa chochote pale.

Jioni ilikuwa ya siku ndefu kuliko zote za mwaka. Mabomba yamelazwa kama herufi X, na siku hizo jua huzama katikati kabisa ya mawili yaliyoelekeana. Tulikuwa watu wengi, na hakuna aliyesema neno mpaka lilipopotea. Desemba, siku zikiwa fupi, huzamia upande wa mawili mengine.

Holt alifariki mwaka 2014. Naomba mchapishe makala inayomhusu yeye, kwa jina lake, pamoja na picha ya Sun Tunnels jua likichwea.

Msomaji wenu,
Salt Lake City, Marekani