Majibu ya maabara yakikosewa, tusikimbilie kutafuta wa kufukuza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya haya malalamiko ya majibu ya damu, maana kila siku watu wanasema umepima kliniki hii wanakuambia uko na malaria, unavuka barabara kliniki ingine wanasema huna kitu, alafu lawama zote zinaishia kwa mtu wa maabara eti hajui kazi. Mimi nafanya hiyo kazi huku Busia na nasema wazi watu wana haki ya kukasirika, lakini wanamkasirikia asiyehusika.

Makosa mengi hayatoki kwa mashine. Yanatokea kabla sampuli haijafika hata mlangoni kwetu, na hilo limechunguzwa nchi nyingi ikaonekana ni hivyo hivyo. Ona wodi ya watoto usiku, nesi ni mmoja, anatoa damu kwa watoto wanne, chupa zote anatia mfukoni mwa koti alafu majina anaenda kuyaandikia mezani. Na Uganda yetu hii mapacha wa Kiganda ni Wasswa na Kato, wasichana ni Babirye na Nakato, huku mashariki ni Opio na Odongo, kwa hiyo kukuta Kato wawili wodi moja si ajabu hata kidogo. Jibu linarudi "Kato, malaria", sasa Kato yupi? Dawa yake haina gharama, chupa iandikwe pale pale kando ya kitanda, majina yote na namba ya faili, na maabara ikatae chupa isiyo na hivyo hata kama daktari atanuna.

Ama ile tabia ya kumimina damu ya chupa ya zambarau kwenye chupa nyekundu kwa sababu damu haikutosha. Ile dawa ya ndani ya chupa ya zambarau inayozuia damu kuganda ina potasiamu, basi kwenye jibu potasiamu inapanda mpaka daktari anadhani moyo wa mgonjwa unakaribia kusimama, kumbe mashine imepima tu kile imepewa.

Alafu kuna kontroli, yaani sampuli ambayo jibu lake tunalijua tayari, ya kujaribu kama mashine inapima sawa. Asubuhi kabla ya wagonjwa unapima kontroli, namba unaiweka kwa grafu, ikiruka mstari wa SD 3, yaani imeenda mbali sana na wastani wake, unasimama, hutoi jibu la mtu yeyote mpaka ujue shida iko wapi, pengine umeme ulikatika usiku na friji ikapata joto. Lakini nimeona mahali wanarudia kontroli mpaka ikubali, nimeona grafu ya mwezi mzima inajazwa jioni moja na kalamu moja kwa sababu wakaguzi wanakuja kesho. Hii inaniuma sana. Na wanafanya hivyo kwa sababu ukiandika kosa unakatwa mshahara, nani atajiandika?

Si kwamba hatukufundishwa. Mpango wa SLMTA, wa kufundisha maabara kuboresha kazi, ulizinduliwa Kigali mwaka 2009, na Uganda tumefundishwa pia, WHO nayo ina nyota za SLIPTA za kupima ubora wa maabara, kutoka sifuri mpaka 5, nyota ya 5 unaipata ukifikisha asilimia 95. Nyota ni nzuri lakini kazi iko kwa daftari la makosa, kila kosa liandikwe, na kila wiki nesi, daktari na mtu wa maabara wakae pamoja hata nusu saa waulizane kwa nini. Nesi alichanganya chupa, kwa nini? Aliandikia mezani. Kwa nini? Wodini hapakuwa na kalamu wala stika. Kwa nini? Stoo inafungwa saa kumi na moja jioni na mwenye ufunguo anaenda nao nyumbani. Sasa ukimfukuza huyo nesi, atakayekuja kesho si atachanganya tu?

Kwa hiyo nawaomba wenye kliniki na wakuu wa afya wa wilaya, mkija kutukagua msianze na mashine mpya, ombeni kwanza daftari la makosa, na mkikuta mwezi mzima halina hata kosa moja, hapo ndio mkae chini muulize maswali.

Fundi wa maabara,
Busia, Uganda