Mlingoti wa huku, tanga la kule: vitashikana?

Haipiti wiki bila mtu kutuletea mzigo wa vyombo vya windisafu, ule mchezo wa kuteleza majini kwa ubao wenye tanga, alivyookoteza huku na huku, mlingoti kaachiwa na rafiki, tanga la mtumba, bumu, lile pao unaloshika kwa mikono, katoa kwenye seti ya zamani, halafu swali ni lilelile, jamani hivi vitashikana kweli? Mara nyingi vinashikana. Ila kuna sehemu chache ukizikosea umeliwa.

Anza na unene wa mlingoti. Kuna mnene, SDM, chini una milimita 48, na mwembamba, RDM, milimita 32. Ekstensheni, kile kipande cha chini cha kurefushia mlingoti, ya mwembamba ukiichomeka kwenye mnene inacheza humo ndani kama mchi kwenye kinu, inataka bushi yake maalum. Bumu nayo ni hivyohivyo, kichwa cha kubana mlingoti mnene hakiumi mwembamba mpaka uweke bushi. Kuna mteja alijazia tepu na kipande cha jinsi, ikashika vizuri tu nchi kavu, ilipolowa ikateleza na bumu ikaanza kushuka yenyewe kidogo kidogo mpaka ikamfika magotini 😅

Urefu ni hesabu ya dukani tu. Tanga limeandikwa urefu wa sentimita 426, mlingoti wako ni 400, basi ekstensheni ni sentimita 26.

Kinachosumbua kweli ni mpindo. Milingoti miwili ya 430, yote ugumu 21 kwa kipimo cha IMCS, mmoja umekaza juu na mwingine unalainika juu, na tanga limekatwa kufuata mmoja wao. Ukikosea unavuta kamba kwenye kapi mpaka mikono inauma na tanga bado lina mikunjo pembeni ya mlingoti, au ukigeuza upande fito za ndani ya tanga zinagoma kuhamia upande wa pili mpaka uzisukume. Hapo wengi wanasema tanga limekufa, tushone. Hatushoni, tanga zima hilo! Tunakufungia mlingoti mwingine uone mwenyewe. Na kitu kimoja hatufanyi hata utubembeleze: kuunganisha kipande cha juu cha kampuni hii na cha chini cha kampuni ile. Vikipishana kidogo tu pale kwenye kiungo, siku ya upepo mkali panapasuka.

Fini, lile pezi la chini ya ubao, ni rahisi zaidi, tazama aina ya kichwa chake kinavyofungwa. Tuttle ina skrubu mbili, Power Box moja, US Box inateleza kwenye mfereji, haziingiliani, lakini fini nzuri tunaweza kuikata kichwa tukakijenga upya kwa epoksi na kaboni.

Ubao ukitoboka, bandika tepu, toka majini, uache ukauke kabisa, hata kama ni wiki kadhaa. Tafadhali usipake rezini ya polyester ile ya kuzibia boti, ndani ya ubao mwingi ni povu la polystyrene na ile rezini inaliyeyusha, unafunga tundu la kidole unabaki na pango. Epoksi tu.

Ukija njoo na vyote, vipande vyote viwili vya mlingoti, usilete picha ya kimoja. Na ile raba ya kiungo cha chini, mlingoti unapokutana na ubao, ikunje kwanza nyumbani uichungulie, ikiwa na ufa hata kama wa unywele tunaibadilisha kabla hatujagusa kingine.