Usifute mazoezi kwenye ratiba ya mtihani

Tanga

Mwanangu,

Hapa nyumbani wote hawajambo. Ratiba uliyonitumia nimeisoma. Kitabu kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa sita usiku, na pale palipoandikwa "mazoezi" umepiga mstari. Barua hii ni ya huo mstari tu. Umeokoa dakika 90 kwa wiki, lakini umezikata mahali ambapo kichwa chako kilikuwa kinapata msaada.

Ubongo una uzito wa kama asilimia 2 ya mwili, ila unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni. Ukikimbia au kutembea kwa kasi kwa muda, damu inazunguka zaidi na mwili unatoa kemikali kadhaa, mojawapo protini iitwayo BDNF. Hiyo ni kama mbolea ya seli za neva: inazisaidia kuishi na kuimarisha miunganiko kati yao. Sehemu inayofuatiliwa sana ni hipokampasi, moja kila upande, ndani ya kichwa usawa wa masikio. Hapo ndipo jambo jipya ulilosoma linaposhikiliwa kabla halijawa lako. Mwaka 1999, katika taasisi ya Salk kule California, panya waliowekewa gurudumu la kukimbilia walionekana kuwa na seli mpya nyingi zaidi hapo kuliko wenzao waliokaa tu. Kwa binadamu wazima, wanasayansi bado wanabishana kama seli mpya huzaliwa kweli, kwa hiyo usiijibu hiyo kwenye mtihani kama jambo lililokwisha.

Jaribio la watu linalotajwa sana ni la mtafiti Kirk Erickson na wenzake, 2011. Walichukua wazee 120 wasio na mazoea ya mazoezi. Kundi moja lilitembea kwa kasi mara 3 kwa wiki, jingine likawa linajinyoosha viungo tu. Baada ya mwaka, hipokampasi za watembeaji zilikuwa zimeongezeka kwa asilimia 2, na za wenzao zimepungua kwa kama asilimia 1.4. Angalia walivyoanza: dakika 10, wakaongeza dakika 5 kila wiki mpaka wiki ya 7 wakafika 40. Hakuna aliyerukia 40 siku ya kwanza.

Sasa upande wa pili, maana najua utaniuliza. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya wazee 1,635 waliofuatiliwa miaka miwili, na waliofanya mazoezi hawakuwashinda kwa kumbukumbu wale waliopewa mafunzo ya afya peke yake. Mwaka 2023 nao mapitio ya majaribio zaidi ya 100 yalionyesha kwamba faida kwa watu wenye afya ni ndogo kuliko ilivyokuwa ikitangazwa. Anayekuambia mbio zitakupa alama za juu anapiga debe. Kwa mtu wa miaka 21 kama wewe, faida ya kutegemea ni ya karibu zaidi: umakini wa saa moja hivi baada ya mazoezi, usingizi mzuri, na wasiwasi kupungua. Kwa mwenye mtihani, hayo si madogo.

Kwa hiyo panga saa. Kutembea haraka dakika 20 kunafaa kabla ya somo linalotaka umakini, kwa mfano hesabu. Kwa mambo ya kukariri kuna jaribio moja la Uholanzi, 2016: watu 72 walijifunza picha na mahali zilipokaa, waliofanya mazoezi saa 4 baadaye walikumbuka vizuri zaidi walipopimwa siku mbili baadaye kuliko waliofanya palepale au wasiofanya kabisa. Ni jaribio moja, usilifanye msahafu. Lakini kulifuata hakukugharimu kitu: ukimaliza kukariri saa sita mchana, toka saa kumi jioni. Jua limepungua na bado ni mchana, maana sitaki ukimbie gizani wala peke yako.

Kasi ndiyo inayowashinda wengi. Unakumbuka mchakamchaka wa shule ya msingi? Kipimo ni kilekile. Ukiweza kuimba wimbo mzima bila kukata pumzi, unatembea kama uko sokoni. Ukiweza kuongea sentensi lakini kuimba kukakushinda, hapo ndipo. Ukishindwa hata kuitikia kibwagizo, punguza. Ukitaka namba, toa umri wako kwenye 220: inabaki 199, makadirio ya mapigo ya juu kabisa ya moyo. Kaa kati ya asilimia 64 na 76 ya hiyo, yaani kama 127 hadi 151 kwa dakika. Simama, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya dole gumba, hesabu sekunde 15. Upate 32 hadi 38. Hesabu mara tu unaposimama, kwa sababu mapigo hushuka upesi na ukichelewa utajidanganya kuwa ulikwenda polepole.

Na Mbeya si Tanga. Uko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na oksijeni katika kila pumzi ni pungufu kwa karibu asilimia 18. Ukirudi huko baada ya likizo, moyo utaenda mbio kwa mwendo uleule uliouzoea ufukweni. Si uvivu. Wiki mbili za kwanza fuata mapigo, usifuate kasi, na vilima vya kuelekea mlima Loleza viache kwanza.

Anza hivi: tembea dakika 5, kisha kimbia dakika 1 na tembea dakika 2, mara 7, halafu malizia kwa kutembea dakika 5. Siku 3 kwa wiki, zisifuatane. Wiki ya tatu geuza: kimbia 2, tembea 1. Ugoko ukiuma unapoubonyeza, umeongeza upesi au raba zimekwisha. Rudi kwenye kutembea wiki moja. Vaa suruali nyepesi chini ya dera na mtandio mdogo uliobanwa. Buibui zito linakupikia joto mwilini.

Makosa mengine ni ya mezani na kitandani. Usikimbie na chai kavu tumboni. Kula hata kiazi au ndizi saa moja na nusu kabla. Kunywa maji, kwani upungufu wa maji wa asilimia 2 tu ya uzito wako unatosha kuvuruga umakini. Mazoezi makali usiyamalize ndani ya saa moja kabla ya kulala. Na usiibe usingizi ili upate mbio, maana ulichosoma kinakazwa ukiwa umelala. Siku uliyopata usingizi wa muda wa saa nne tu, lala, mbio kesho.

Ukiona unahema kupita kiasi ukipanda ngazi, macho yanaona giza ukisimama, au moyo unadunda hata umekaa, usijilazimishe. Nenda zahanati wakupime wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu, na hakuna mbio zitakazokutoa hapo. Chai nayo isiwe pamoja na chakula, inazuia madini ya chuma. Isubiri saa moja.

Siku za mvua ruka kamba ukumbini: dakika 1 kuruka, 1 kupumzika, mara 10, kwa vidole vya mguu na magoti yakiwa yamelegea kidogo. Kamba ya katani iko kwenye furushi litakalokuja na basi la Ijumaa, chini ya kisamvu kikavu. Nimeiacha ndefu. Ikanyage katikati, ncha zifike kwapani, ndipo uikate na kuzifunga fundo zisichambuke. Ikilowa ianike kivulini.

Mama yako